Chui wa Kusagia Pilipili

Mwaka 1996, nikiwa na miaka thelathini, vita vilinitoa Uvira na shida zikaanza. Jiwe la mama yangu la kusagia lilibaki jikoni. Mtu hakimbii na jiwe. Shule niliishia darasa la tatu, lakini pilipili yangu haiulizwi cheti, na hapa ukimbizini mtaa mzima wa Bertrams unaijua.

Miaka mingi nilisaga kwa mashine ya umeme. Pilipili ya mashine ina ladha ya waya. Basi juzi juzi mzungu mmoja wa mtaa wa juu alikuwa anahama, anauza vyombo vyake uani. Nikaona chui wa jiwe: miguu minne, meno nje, mgongo bapa uliobonyea katikati, na juu yake chungu cha maua! Mzungu akanieleza kwamba watu wa kale wa Amerika ya Kati walichonga mawe kama yale, wakasagia mahindi mgongoni mwa mnyama. Eti wengine husema wakubwa wao waliyakalia. Mkubwa gani anakalia mahali pa unga?

Nikamnunua, nikampakia kwenye toroli. Pale kwenye robot, taa za barabarani, kijana akauliza, "Eish, mama, huyo anauma?"

"Anauma wanaouliza."

Mama mmoja wa kwaya akamwona jikoni kwangu, akapeleka habari kanisani kwamba nafuga sanamu. Mchungaji akasema sitauza tena pilipili mlangoni mwa kanisa Jumapili mpaka mnyama avunjwe. Mlango ule ndio duka langu. Nikamwambia aje amwone kwanza. Akaja na nyundo, na kwaya nyuma.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kusaga. "Baba Mchungaji, usiguse, hapo pana..."

"Nyamaza, mama! Anayeogopa kuguswa ni pepo!"

Akakandamiza viganja vyote viwili mgongoni mwa chui, akaomba mpaka jasho likamtoka. Akajifuta macho.

Yowe alilopiga! "Roho ameshuka!" akalia yule mama wa kwaya. Mchungaji anaruka, nao wanaruka. Anaita "Maji!", wanaitika "Amina!" Nikawasukuma, nikammwagia maziwa usoni, maana kwa pilipili maji ni bure.

Alipofumbua jicho moja akamtazama chui. "Mama, hapa umesaga pilipili tu?"

"Na kitunguu saumu, Baba."

Akaokota nyundo yake. "Hakuna pepo anayeweza kukaa hapa. Jumapili uje uuze."

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu, chui mmoja, friji mbili, meza ya mlangoni, gari la mizigo linalokataa kuwaka asubuhi, na kuku.