Droo ya Milimita Tano

Wauguzi wadogo walimpachika jina la Soma Tena, na wala si kwa mapenzi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa msimamizi wa makabati ya vifaa katika chumba cha mishipa, kile chumba ambamo watoto wachanga waliozaliwa na kasoro za moyo hupitishwa waya mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka kufika pale palipobanana. Kwenye waya huo huvikwa kiputo, kama puto dogo mno. Daktari akikijaza maji kwa sekunde chache, mshipa unapanuka na damu inapita. Kikiwa kidogo, kazi bure. Kikiwa kikubwa mno, mshipa unachanika, na hapo hata daktari hodari hubaki ameshika kichwa.

Ndiyo maana muuguzi, kabla ya kukabidhi kiputo, ni sharti asome saizi kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza, mama huyu alikuwa akisema, unasoma unachokitarajia. Mara ya pili ndiyo unasoma kilichoandikwa. Ole wako usome mara moja! Angekufokea "Soma tena!" mpaka utamani kuacha kazi. Aliyekiona cha moto kuliko wote ni muuguzi mmoja mgeni, wa taratibu katika kila jambo, ambaye Soma Tena mwenyewe alimbatiza Kobe.

Siku hiyo Soma Tena hakuwa ndani. Alikaa kwenye benchi la korido, kavaa nguo za nyumbani, binti yake kamng'ang'ania mkono. Aliyelala mezani alikuwa mjukuu wake wa miezi mitatu, na sheria ya hospitali haina mjadala: humhudumii mtu wa damu yako. Kobe ndiye aliyeshika zamu yake.

"Mume wangu mjeuri yule," Soma Tena alisema kwa utani wa bibi na mjukuu, akijaribu kumchekesha binti. "Utaona, atatoka humo anadai maziwa."

Binti hakucheka. "Mama, leo miguu yake ilikuwa ya baridi mno. Kama si ya kwake."

Soma Tena alijua: damu haikuwa ikifika vizuri miguuni. Wiki nzima alikuwa akimpapasa mapaja kutafuta mapigo, na kila siku aliyapata kwa shida zaidi. Juu ya mlango taa nyekundu ilikuwa inawaka. Ikiwaka hiyo, eksirei inafanya kazi, na hakuna anayefungua. Mfagizi alipita na ndoo, akawatupia jicho, akainamisha kichwa kama mtu anayepita kwenye msiba.

"Afadhali vifaa vyote umevipanga wewe," binti alisema. "Ingekuwa mtu mwingine, nisingeweza kukaa hapa."

Moyo ukampiga paa! Ndiyo, alivipanga yeye, jana alasiri. Alikuwa na paketi mbili za mwisho mikononi, moja ya milimita tano, iliyomfaa mjukuu wake, na moja ya nane, rangi ileile, namba ndogo pembeni. Binti akaingia analia na fomu ya kulazwa. Naye akazitumbukiza zile paketi kwenye droo bila kuzitazama, akakimbilia kumkumbatia mwanawe. Ya nane alikuwa ameishika mkono wa kushoto. Na mkono wa kushoto ndio uliokwenda droo ya milimita tano.

"Mungu wangu," alisema, na kabla binti hajauliza kulikoni, alikuwa keshatoka mbio.

Alipitia mlango wa pembeni, ule wa kuingilia chumba cha kioo, anapokaa fundi wa eksirei na kipaza sauti chake cha kuzungumza na waliomo ndani.

"Dada, toka," fundi alisema, akisimama kumzuia. "Leo wewe ni bibi, si muuguzi."

Ng'ambo ya kioo, Kobe alikuwa na paketi mkononi. Sauti yake ikaja kwenye spika, taratibu kama kawaida yake: "Milimita tano."

"Imetosha, lete!" Daktari alisema. Mapigo ya mtoto yalikuwa yakishuka, na mkono wa Daktari ulishanyooshwa.

Soma Tena alimpiga fundi kikumbo, akabonyeza kitufe.

"Soma tena!"

Chumba kizima kikaganda. Kobe akaisogeza paketi karibu na macho. Akaigeuza, akaitafuta ile namba ndogo pembeni.

"Nane," alisema. "Daktari, hii ni nane."

"Ya tano imo droo ya nane. Mpe hiyo, haraka!" Soma Tena alisema kwenye kipaza sauti.

Kobe akaileta, akaisoma mara mbili. Kiputo kikajazwa, na kwenye skrini ile sehemu iliyobanana ikafunguka. Hapo ndipo Daktari alipouliza, bila kugeuka, "Nani aliyepanga droo hizi?"

Macho yote yakamwendea Kobe. Kobe akainama, kama mtu aliyezoea lawama. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza, na Soma Tena, haya iliyoje, alinyamaza kidogo.

"Mimi," alisema kwenye kipaza sauti. "Ni mimi niliyepanga."

Alipogeuka, binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

Baadaye kitanda kilisukumwa nje, mtoto kasinzia. Soma Tena akanyoosha mkono amshike mguu. Binti akavuta blanketi, akamfunika.

"Ngoja kwanza, mama." Kisha akamgeukia Kobe. "Dada, nipimie wewe."

Kobe akaweka vidole viwili juu ya ule mguu mdogo, akasikiliza. "Mapigo yapo," alisema. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akapima tena.