Mzungu Aliyekunywa Damu ya Kibabi

Bibi yangu Mukandayisenga alikuta kaburi la baba yake limefukuliwa, na kichwa hakimo.

Msishtuke bado. Kaeni vizuri.

Ni Kibabi, Masisi, mwaka 1953. Mwizi hakuhitaji kutafutwa. Bwana Théophile, Mzungu wa chuo kikuu, alikuwa amepiga hema karibu na shule, akisomea lugha, mila na historia ya watu wa Kivu. Kichwa kilikuwa mezani kwake, anakipima kwa kamba.

Mukandayisenga alipokidai, aliambiwa ni mali ya sayansi.

Alitaka kumrukia. Kaka yake Straton akamshika mkono.

"Dada, tukimupiga watatutupa mu boloko."

Jela ni jela; akameza hasira. Lakini hakuisahau, thubutu!

Mzungu yule alikuwa na hamu moja kubwa: kuona undugu wa kunywa damu, ule ambao mapadri waliukataza. Kila akiulizia, watu wanaangalia pembeni.

Mukandayisenga akamwendea na tabasamu.

"Bwana, kuangalia tu haitoshi. Unywe na kaka yangu."

Mzungu wa watu akafurahi huyo! Wakachanjwa tumboni mbele ya watu wa kilima kizima, kila mmoja akanywa damu ya mwenzake ndani ya pombe ya mtama.

Sasa sikia. Ukishakunywa damu ya mtu, akikuomba kitu humnyimi. Ukimnyima, hakuna atakayekusemesha tena.

Straton hata mdomo hajafuta.

"Ndugu yangu, nipe kichwa ya baba yetu."

Théophile akacheka. "Ah, Straton! Ile ilikuwa ya kusoma tu."

"Aya," Mukandayisenga akasema. "Sasa njo utasoma." Yaani, sasa ndiyo atasoma kweli.

Kilima kikafunga mdomo. Anasalimia, kimya. Anauliza hadithi, kimya. Hata mpishi wake alimwekea chakula bila neno. Na bila maneno ya watu, hana cha kupeleka chuoni.

Mwishowe akaja analia, kichwa amekifunga kwenye kitambaa.

"Mama, nimerudisha. Museme na mimi."

Mukandayisenga akakipokea, akamzika baba yake upya. Halafu akampita Mzungu kama anapita kisiki.

Miaka mingi baadaye nami nikasomea mambo hayo hayo, Goma. Nikakipata kitabu chake. Kuhusu Kibabi ameandika mstari mmoja: "Watu hawa hawana historia."

Nikapanda kwa bibi, nimefura. Yeye akacheka mpaka machozi.

"Tuko nayo mingi, mujukuu. Yeye njo tulimunyima. Kaa chini."

Na wewe unayekwenda kusomea watu: wakikupa damu yao unywe, usiwaambie ulikuwa unasoma tu.