Kumi na Moja Kutoa Kumi

Mama alipozidiwa, dada zake walikuja wote kutoka Olumbi wakajaa chumbani mwake. Kila mmoja na dua yake, kila mmoja na dawa yake, wamekizunguka kitanda mpaka hewa ikawa ya kugombaniwa. Mimi, kitinda mimba, niliwekwa barazani na kitabu cha kemia. Kesho yake nilikuwa na mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi Pemba, na asubuhi ile Mama mwenyewe alikuwa ametoa amri: mtu asinisumbue.

Nilikwama kwenye sodiamu. Kiini chake kina chaji kumi na moja, lakini elektroni ya nje haivutwi na zote. Elektroni kumi za ndani zinaukinga mvuto. Kumi na moja kutoa kumi, kwa hesabu ya shule, inabaki moja. Klorini iko mstari uleule wa jedwali, kule kuliani. Kinga ni kumi zilezile, ila kiini kina kumi na saba, inabaki saba. Ndiyo maana klorini hushikilia zake kwa nguvu, sodiamu huachia. Nilisoma, nikafuta, nikaandika tena. Ndani nilisikia minong'ono, nikadhani ni dua. Niliogopa kufeli kuliko nilivyoogopa kifo, kwa sababu kifo sikuamini kingekuja.

Alasiri kilio kikapasuka. Nilipofika mlangoni nilikuta migongo tu.

Mama mdogo akanikumbatia. "Alikuita, mwanangu. Alikuita sana, ila sauti haitoki. Tukamwambia, dada, mwana anasoma, kesho ana ezame. Akanyamaza."

"Mbona hamkuniita?"

"Si mwenyewe aliyekataza?"

Nilitaka kuwatukana wote, lakini wote walikuwa wanalia kuliko mimi.

Asubuhi, wanaume wakielekea makaburini, mama mkubwa alinifunga ushungi akanisukuma nje. "Nenda. Ndilo alilolitaka."

Nilikwenda sioni njia. Swali mojawapo liliuliza kwa nini sodiamu huipoteza kwa urahisi elektroni yake ya nje. Niliandika kwamba kiini kinaivuta, ila walio katikati wanauzuia mvuto usiifikie. Karatasi ililowa machozi. Swali lile nilipata alama zote.