Nilimsingizia fundi viatu kwa oili ya Landrova ya Mama Feza

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura. Mi ni mzee, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Nimeona kijana humu analalamika Landrova yake ya zamani inavuja oili kwenye ekseli ya nyuma, amebadilisha seal mara tatu na bado. Nikacheka, halafu nikakumbuka yangu. Nitawasimulia kama ilivyokuwa, maana aibu ni yangu mwenyewe na sina wa kumficha.

Miaka ile mji ndiyo kwanza unazoea jina la Bujumbura, wazee bado walisema Usumbura. Nilikuwa na gereji mtaa wa Nyakabiga. Gereji ni neno kubwa: mabati manne, shimo la kuingilia chini ya gari, na jiriwa moja ya kubania vyuma.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Feza, mjane aliyevuka kutoka Uvira, upande wa Kongo, na watoto wanne. Alikuwa anapandisha chumvi milimani kwa Landrova kuukuu ya marehemu mume wake, na anaendesha mwenyewe. Wanaume walimshangaa, yeye hakuwa na muda nao.

Siku moja akaleta gari, gurudumu la nyuma kushoto limelowa. Nikafungua. Joint spi, ile pete mnayoiita oil seal, imekwisha, na oili imefika kwenye breki. Barabara ya kushuka kutoka kule juu ni kona na korongo. Breki zikiteleza pale, unasomewa dua.

Spea mpya ilibidi isubiri meli kutoka Kigoma. Inaweza kuja wiki ijayo, inaweza kuja baada ya Idi.

Nikaenda kwa Saidi, fundi viatu, rafiki yangu tangu tuko chuoni tunasoma alifu na be. Saidi alikuwa anakata pete za ngozi, anazilowesha kwenye mafuta ya ng'ombe ya uvuguvugu siku nzima, na zinashika oili vizuri kuliko mnavyofikiri. Madereva wengi walimtegemea kwa hilo. Akanikatia mbili, kushoto na kulia, nikafunga.

Hapo ndipo nikajifanya mjuzi. Chumvi inakula chuma, na chasisi ya Mama Feza ilikuwa imeanza kumenyeka. Nikatafuta goudron, lami ya barabara, nikaichemsha, nikapaka chini kote, chasisi mpaka ekseli. Zawadi, bure. Nilijisifu wiki nzima.

Safari ya kwanza tu, gari likarudi magurudumu yote mawili yamelowa.

Mama Feza hakupiga kelele. Alisema, "Fundi, mi niko na batoto ine. Kama hii gari haishike frein, uniambie leo. Nitaiuzisha, nirudie kubeba chumvi ku kichwa."

Nikamwambia apana, gari ni zima, breki zitashika, ngozi ndiyo mbovu.

Sikujiuliza hata kidogo. Nikazichomoa zile pete, nikatoka moja kwa moja mpaka kwa Saidi. Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka kuswali, wamejaa kibarazani kwake. Nikamtupia zile pete mbele ya wote, nikasema siku hizi anakata ngozi za kuokota, na atamuua mama wa watu.

Saidi aliziokota, akazikunja kwa vidole. "Ngozi hii ni nzima," akasema. "Tafuta kwako." Basi, akarudi kwenye sindano yake.

Kesho yake alikata nyingine mbili, akaja kuziweka juu ya jiriwa yangu bila salamu. Nikafunga. Zikavuja vilevile.

Maneno yangu yalikuwa yameshatembea. Madereva wakaacha kwenda kwake. Na mimi, kiatu changu kikafumuka soli, sikuwa na uso wa kumpelekea. Nikakifunga kwa waya.

Mama Feza naye alishapata mtu wa mtaa wa Kinindo wa kulinunua gari. Nikamwomba safari moja ya mwisho, twende wote, nusu mzigo, mwendo wa pole, nione kwa macho yangu. Akakubali.

Nusu ya mlima nikamwambia asimame. Nikaingia chini. Ekseli ya moto, oili inatoka pande zote mbili sawasawa. Ndipo kichwa kikaanza kufanya kazi: pete mbili haziharibiki wakati mmoja kama mapacha.

Nikalegeza bolti ya kujazia oili nipime. Ikatoa pumzi ndefu, pssss.

Nilikaa chini pale pale barabarani. Wakuu, juu ya ekseli kuna kikofia kidogo chenye tundu, ndiyo breather. Ekseli ikipata moto, hewa inavimba, inatokea pale. Ukiziba, hewa inaisukuma oili itafute njia, na njia ni kwenye seal. Ni sufuria ya uji uliyoifunika ukaibana. Tundu lile lilikuwa limezibwa na lami. Lami yangu.

Nikaikwangua kwa kisu, nikafungua waya wa kiatu nikazibua nao. Nikaosha breki kwa petroli, nikaongeza oili.

Mama Feza akauliza kosa ni ya nani. Nikamwambia ni langu, Saidi hana kosa.

"Basi utamwambia ye," akasema. "Apana mi."

Tulipanda mpaka juu, tukashuka. Nikapitisha kidole nyuma ya gurudumu: vumbi kavu. Mtu wa Kinindo aliambiwa gari haliuzwi.

Ijumaa iliyofuata nikaenda kwa Saidi saa ile ile, watu wale wale. Jina lake nililivunja hadharani, na kulirudisha ilibidi iwe hadharani. Nikaeleza yote, mpaka lami.

Saidi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaangalia mguu wangu.

"Kiatu kinapiga miayo mbele ya watu," akasema. "Vua."

Nikavua, nikakaa kibarazani kwake peku mpaka alipomaliza kushona.

Meli ilipoleta zile joint spi mpya, Mama Feza alisema niziweke kabatini, za Saidi zinatosha. Madereva waliposikia hivyo, wakarudi mmoja mmoja.

Kwa hiyo kijana, kabla hujanunua seal ya nne, kasafishe breather. Wengine mliowahi kupata hii, semeni mliijuaje. Na kama kuna mtu ulimlaumu kabla hujaangalia kazi ya mikono yako, nenda leo. Mimi nilisubiri Ijumaa, na siku zile zilikuwa ndefu.