Vidonge Nilivyovifukia Migombani

Nakumbuka, mwanangu, siku moja hapa hapa Kaagya, nikiwa bibi harusi wa miezi minne. Nilikuwa nameza vidonge vya kifafa, na vilinitia usingizi mchana kweupe. Jua lilipenya kwenye migomba, maneno yakinijia polepole, nami nimeketi na kisu mkononi, ndizi haijamenywa hata moja. Mawifi walinicheka kwamba kaka yao ameoa gogo. Kuitwa mvivu ukweni kunauma. Basi kila asubuhi nikawa navifukia vidonge vile chini ya mgomba, na nikiulizwa zahanati najibu sijambo kabisa.

Wiki mbili nilikuwa mwepesi. Nililima, nikateka maji, nikaimba. Nikajiona nimepona, ndio ujinga wa ujana huo.

Ikafika siku ya kuchemsha kahawa ya kutafuna, buni tunazowakaribishia wageni. Nilikuwa nakoroga chungu uani, nikasikia harufu ya udongo uliolowa, na mvua hakuna. Majani yakatulia. Sauti za watu zikaenda mbali, kana kwamba wananiita kutoka ng'ambo ya ziwa. Sikuogopa. Ilikuwa raha, nakuambia kweli, na hiyo ndiyo hatari yake.

Nilipozinduka, mkono huu ulikuwa umeungua. Mawifi walisimama mbali, wakidhani ugonjwa wangu unaambukiza. Mama mkwe ndiye aliyenivuta motoni. Nikamweleza habari ya vidonge huku nalia, nikingoja anifokee. Akasema taratibu, "Mwana wange, mkwe anayesinzia nitakaa naye. Aliyekufa motoni ningemrudishia mama yake kwa maneno gani?"

Nilipopata nafuu alinipeleka zahanati mwenyewe, nikasema yote. Daktari akanibadilishia dawa. Usingizi ulipungua, haukuisha, na maisha yakaendelea.

Sasa nasikia wewe huko Kashai unataka kuacha dawa yako ya kifafa kwa sababu unasinzia kwenye cherehani. Sikulaumu. Dawa inachosha, naijua. Ila usiiache kimyakimya kama mimi. Nenda ukamwambie daktari kwamba unasinzia, unasahau, umechoka. Usione haya, yeye ndiye wa kupunguza au kubadilisha. Mpaka akwambie, endelea kumeza. Na fundi mwenzako mweleze kwamba ukianguka akulaze ubavu, asikukimbie.

Mungu akuamshe mzima kila asubuhi, mwanangu, na akuzungushie watu wasioogopa kukushika.