Ncha ya Futikamba

Wanafunzi wangu wa usanifu majengo wanajifunza kupima, na mmoja ameleta futikamba ya zamani, ya kitambaa, katika kasha la ngozi. Amenishikisha ncha, akaenda ukuta wa pili. Harufu ya nta na jasho la mikono imenirudisha utotoni, kijijini kwetu Kaole.

Ramani mpya ya kijiji ilikuwa imepitisha barabara juu ya nyumba yetu, na bwana mpima alikuja kuipima kabla haijabomolewa. Shangazi alisimama kizingitini, mikono kaitanua.

"Huingii. Wifi yangu yumo edani. Arubaini ya mumewe haijafika, mwanamume wa nje amwone?"

"Mama, mimi nimetumwa tu." Bwana mpima akafuta uso, akanitazama. "Basi huyu mtoto aingie na ncha."

Nikaingia nayo chumbani. Mama alikuwa kitandani, kajifunika shuka jeupe, mgongo kauegemeza kwenye ukuta wa mwisho, pale pale ncha ilipotakiwa kufika. Nilipoinyoosha aliichukua, akaizungusha kiganjani, akafumba ngumi.

"Imefika ukutani?" sauti ikauliza kutoka nje.

"Mwambie imefika kwa mtu," Mama alisema.

Nikapaza sauti, nikasema vivyo hivyo. Halafu futikamba ikaanza kuvutwa, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, hata mkono wa Mama ukanyooka. Hakufumbua ngumi.

"Mwalimu," mwanafunzi wangu ananiita kutoka upande wa pili wa darasa. "Mwalimu, nimeshamaliza. Achia."