Siku Niliyoupulizia Msonobari wa Nasra

Nitawasimulia, lakini msinicheke mbele ya Nasra, maana yeye kesha kunisamehe na mimi bado sijajisamehe: mwaka huu, kwenye chuo kikuu pale Edgbaston, huku ughaibuni tunakoishi, mbele ya wasomi watupu, nilikaribia kumharibia mjukuu wangu safari yake kwa pumzi yangu mwenyewe, pumzi hii hii yenye harufu ya karafuu.

Kwanza mjue (nikiparuka hapa, yaani nikipaacha, hamtaelewa) kwamba marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akimsomea Nasra kila asubuhi ya mtihani, tangu mtoto ana meno ya maziwa: anamshika kichwa, anasoma Kulhuwallahu tatu na Ayatul Kursi, kisha anampulizia utosini, fuu, na mtoto huyo anakimbilia skuli. Alipofariki, kazi hiyo nikairithi mimi, na wallahi sikuwahi kuikosa, ila siku hiyo moja, kwa sababu nilipoteza dakika kumi nikitafuta kofia ambayo ilikuwa kichwani kwangu, basi likaja, tukatoka nyumbani Saltley mbio mbio, na dua ikabaki kifuani haijasomwa.

Nasra anasomea misitu ya kaskazini kabisa, kule kwenye theluji, jinsi inavyopeana kaboni, maji na joto na hewa. Mchana miti inavuta hewa ya ukaa, ndiyo hiyo kaboni, na kutoa mvuke, gizani inairudisha kidogo kama tunavyopumua sisi, na majani yake ya rangi nzito yananyonya jua ambalo theluji tupu ingelirudisha juu. Alinieleza jikoni, yeye kwa Kiingereza, mimi nikiuliza kwa Kiswahili, ndivyo tunavyozungumza, kila mtu na lugha yake, chai moja. (Mimi skuli niliishia darasa la tatu, na miaka yangu yote ya kiwanda cha magari cha Longbridge nilifunga ekzosi, yale mabomba ya moshi, gari baada ya gari, na sasa mjukuu anafuatilia ule moshi ulikwenda wapi. Nilimwambia aniwie radhi, akacheka mpaka akamwaga chai.)

Siku hiyo walimu walikuwa wanachagua mwanafunzi mmoja wa kwenda Finland majira ya baridi, kufanya kazi kwenye mnara wa kupimia uliosimama katikati ya msitu. Mmoja tu. Nasra alikuwa hali chakula vizuri wiki nzima.

Mezani kwake ukumbini palikuwa na sanduku la vioo, ndani yake msonobari mdogo, kimo cha goti, taa inauwakia, na kando yake kompyuta yenye mstari wa kijani unaoteremka pole pole. Mstari ukiteremka, mti unakula kaboni. Akaniwekea kiti.

"Babu, kaa hapa, usiguse kitu."

"Mie niguse nini, mwanangu?"

Na sikugusa. Lakini dua ilikuwa imenikaa kooni, watu wamemzunguka, na kumpulizia utosini mbele ya wenzake nikaona nitamtia haya. Basi nikauona mpira mwembamba wa kupitishia hewa unaotoka sandukuni, ncha yake inaning'inia karibu na goti langu, nikajiambia, mti ni wake, kuupulizia mti ni kumpulizia yeye. Nikainama kama ninayefunga kamba za viatu (nilivaa makubadhi, hayana kamba), nikasoma yote, nikatia mdomo. Fuu.

Mstari ukasimama. Kisha ukapanda kama paka aliyemwagiwa maji.

Na hapo hapo ndipo alipofika mwalimu wao mkuu, mama mmoja mwenye mvi na viatu vya kupandia milima, akauliza kwa nini mti unatoa kaboni badala ya kuvuta. Nasra akakaza taa, akapapasa nyaya. Mimi nikasema moyoni, hii ni husuda, mtoto amepigwa jicho. Nikainama tena, nikasoma kwa bidii zaidi, nikapuliza mara tatu mpaka masikio yakavuma. Mstari ukapanda ukatoka nje ya kioo cha kompyuta, haukuonekana tena.

"Samahani," Nasra akamwambia yule mama, sauti ndogo, "nadhani kifaa kimeharibika." Mkono ukaenda kwenye swichi, na kidevu chake kikaanza kufanya vile kilivyokuwa kikifanya akiwa na miaka minne.

Nikautazama mpira, nikautazama mstari. Mtu aliyefunga ekzosi maisha yake yote anajua moshi unatokea upande gani. Ningeweza kunyamaza, jamani, hakuna aliyeniona. Nikasimama.

"Usizime, Nasra. Ni mie."

"Wewe umefanya nini, Babu?"

"Nimekusomea. Asubuhi tulichelewa. Nikapulizia humo."

"Mara ngapi?"

"Nne."

Mwalimu akauliza, mzee anasema nini. Nasra akanitazama. Angeweza kumwambia kwamba mzee amechanganyikiwa, na mimi ningeitikia kwa kichwa. Lakini akajinyoosha, akasema, "Babu yangu ameniombea dua, na dua yetu humalizika kwa pumzi. Pumzi ya mtu ina kaboni nyingi kuliko hewa ya ukumbi huu. Kifaa ni kizima. Kimempima babu."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwalimu hakucheka. "Na sasa?"

"Sasa tungoje. Mti utaila."

Yule mama akavuta kiti, akakaa kando yangu, tukangoja kama watu walio hospitali. Chai niliyopewa ukumbini ikapoa. Mstari ukarudi kwenye kioo, ukasita, kisha ukaanza kuteremka, polepole mno, haukufika ulipokuwa, lakini uliteremka, na Nasra akaniinamia sikioni akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye huniitikia kwa Kiingereza tu, "Unakula dua yako, Babu."

Walimchagua yeye. Mimi nikaapa sitapulizia tena kitu wala mtu popote penye watu, na kiapo changu nilikishika sawasawa mpaka tulipomsindikiza uwanja wa ndege. Nikamshika kichwa, nikasoma, nikafumba mdomo, nikaondoa mikono. Watu wanapita na masanduku yao. Yeye hakuinua kichwa.

"Babu," akasema, "hujamaliza."

Nikamaliza.